Sauti yangu ilikuwa inasema uongo: namna nilivyowapa marafiki mrejesho wakati wa matibabu ya saratani ya mapafu

#1. Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Hivi karibuni mwenzetu mmoja aliuliza namna ya kuwaambia marafiki kwamba amegundulika kuwa na saratani ya mapafu, akajibiwa kwa wingi "jipe moyo" na "Mungu ni mwema", maneno ambayo siyapuuzi hata kidogo, lakini hakuna aliyemwambia ashike simu aandike nini, amtumie nani, na siku gani. Njia hiyo nimeipita kwa miezi kumi na minne sasa, na kwa kuwa nilikosea mara nyingi kabla sijapatia, nimeona jambo hili linastahili uzi wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, naishi Morogoro. Nilivuta sigara kwa miaka 22 kisha nikaacha. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mtu, na nitalirudia huko chini. Kikohozi kilinianza wakati wa masika. Hospitali niliyoanzia, ambayo sitaitaja, ilinipa dawa za bakteria mara mbili, kisha ikaniweka kwenye dawa za kifua kikuu ijapokuwa makohozi yangu yalipimwa na hayakuonyesha vimelea, nikazimeza kwa miezi minne mkojo ukiwa na rangi ya chungwa bivu. Uzito uliposhuka kwa kilo 11 ndipo nilipokwenda Dar es Salaam kufanyiwa sitiskani, yaani kipimo cha picha za ndani ya mwili, nikachukuliwa kinyama, kipande kidogo cha kupimwa, kwenye pafu, na baada ya wiki tatu majibu yakarudi: saratani ya mapafu ya aina isiyo ya seli ndogo, ambayo ndiyo inayowapata wagonjwa wengi, takribani 85 kati ya kila 100, pafu la kushoto, hatua ya tatu.

Sasa nianze na sauti, maana ndiyo iliyonifundisha yote. Upande wa kushoto wa kifua kuna mshipa mmoja wa fahamu ambao hushuka kutoka shingoni, ukazunguka mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, kisha ukapanda tena hadi kooni kuendesha nyuzi za sauti. Uvimbe wangu uliubana huko chini. Matokeo yake sauti ilikwaruza, ikapungua, ikabaki kama ya mtu anayenong'ona huku akilia. Mwili ulikuwa bado una nguvu, nakula, natembea hadi sokoni, lakini yeyote aliyenipigia simu alisikia mtu anayekata roho. Siku moja nilikuwa nimekaa barazani namenya chungwa, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu akapiga, tukazungumza kwa dakika mbili, na jioni ile ile habari zikawa zimefika Iringa kwamba mwalimu hawezi hata kusema. Kesho yake mchana wageni watatu wakashuka kwenye basi, mmoja wao akiwa ameshaomba ruhusa ya siku saba kazini. Wakanikuta namwagilia mchicha. Sijui nani kati yetu aliona aibu zaidi.

Pamoja na hayo, kwa mgonjwa wa mapafu maneno ni gharama. Mwenye saratani ya mguu anaweza kupokea simu ishirini kwa siku akabaki na uchovu wa kawaida tu, lakini mimi sentensi moja ndefu ilinigharimu pumzi ya kupanda ngazi, na baada ya simu ya tatu kikohozi kilikuwa kinanikunja mpaka naona nyota. Nikaacha kupokea. Simu zikahamia kwa mke wangu, ambaye usiku mmoja alieleza habari zile zile kwa watu kumi na saba, na kwa kila mmoja akalazimika kuwa jasiri upya na kumliwaza yeye aliyepiga kutoa pole. Siku ya pili baada ya kemo ya kwanza, yaani dawa za kuua saratani, simu yangu ilikuwa juu ya kigoda karibu na kitanda, imezimwa mlio lakini inatetemeka; ikawa inasogea kidogo kidogo ukingoni kwa kila anayepiga, mimi naitazama sina hamu ya kunyoosha mkono, hadi ikaanguka ndani ya beseni nililokuwa nimetapikia. Mke wangu aliiokota, akaifuta kwa kanga, akaniuliza, "Baba fulani, hivi watu hawa tutawaambia nini?" Ndiyo siku tulipokaa kupanga.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimefanya makosa mawili yanayopingana. Kwanza nilinyamaza kabisa kwa wiki tatu nikisubiri majibu ya kinyama, na katika ukimya ule watu wakajitungia yao: wengine wakasema ni kifua kikuu sugu, na jirani mmoja akaanza kunitengea kikombe. Kosa la pili likaja kama fidia ya lile la kwanza: nilipopata majibu niliipiga picha ripoti yote na kuituma kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Wakuu, msifanye hivyo. Lugha ya hospitali ikitoka hospitalini hubadilika maana njiani. Niliandika kwamba kipimo kimetoka chanya, watu wawili wakamshukuru Mungu. Niliandika kwamba niko hatua ya tatu, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akanijibu, "Hongera mwalimu, ukishafika hatua ya tatu basi umebakiza kidogo kumaliza." Alidhani ni hatua za matibabu. Tangu hapo nikitaja hatua naongeza maelezo: maana yake ni umbali ambao ugonjwa umeshatembea mwilini, zipo nne, na ya tatu kwangu mimi ni kwamba umefika kwenye tezi za katikati ya kifua lakini haujavuka kwenda viungo vingine.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Watu wa nyumbani, watano, wanajua kila kitu, pamoja na yale ninayoogopa. Marafiki tisa, ambao niliwachagua kwa majina na nikawaambia nimewachagua, wanajua matibabu yanavyokwenda, wanaruhusiwa kuja bila taarifa, na wanabeba kazi. Waliobaki wote, yaani wenzangu wa chuo, wanafunzi wa zamani, waumini wenzangu, majirani, kama watu themanini, wanapata ujumbe mmoja kila Jumamosi, nao tukauita mrejesho. Hatukutumia kundi. Kwenye kundi mmoja akijibu wote wanasoma, na mara wanaanza kutibu. Tulitumia orodha ya kutuma ya WhatsApp, ambayo ujumbe huwafikia wote lakini kila jibu humrudia mtumaji peke yake. Kuna sharti moja: anayepokea lazima awe amehifadhi namba ya mtumaji, la sivyo ujumbe haumfikii, na sisi tuligundua hilo baada ya shemeji yangu mmoja kununa kwa wiki mbili. Wenye simu za kitochi wanapata ujumbe mfupi wa kawaida.

Mwandishi ni mpwa wangu. Dada yangu mkubwa aliitaka sana kazi hiyo, naye ana upendo kunizidi hata mimi mwenyewe, lakini dada yangu akisimulia kwamba umejikata kidole, msikilizaji huanza kutafuta sanda. Mpwa wangu ana sifa mbili ninazowashauri mzitafute: anaandika kwa usafi, na haongezi chumvi wala hapunguzi. Mimi namweleza kwa maneno machache au namwandikia kwenye karatasi, yeye anaandika, ananisomea, ninakubali, anatuma. Hakuna kinachotoka bila mimi kukubali.

Kwa nini Jumamosi? Kemo yangu ilikuwa Jumanne, kila baada ya siku 21, dozi nne, dawa mbili kwa dripu: paklitakseli na kaboplatini. Kabla ya dripu hupewa deksamethasoni ili mwili usikatae dawa na kichefuchefu kipungue, nayo hukupa nguvu ya kuazima kwa siku moja au mbili. Jumatano nilikuwa naongea kama mtu aliyepona, silali usiku, nafagia uwanja, tena nina kwikwi isiyokoma ambayo hakuna aliyenionya juu yake. Kama ningeandika mrejesho Jumatano, ningeandika "niko imara", na wageni wangekuja Ijumaa kunikuta nimekunjamana kama kitambaa cha deki. Kufikia Jumamosi nguvu ile ya kuazima imeisha na deni limelipwa, kwa hiyo nilichoandika kilikuwa kweli. Kila mtu atafute siku yake kwa kufuata ratiba ya dawa zake.

Nauweka hapa mmoja wa mirejesho hiyo kama ulivyokuwa, nimeondoa majina tu:

*"Mrejesho wa nne. Dozi ya pili ya kemo niliipata Jumanne, ilichukua saa sita. Kichefuchefu kimekuwa kidogo kuliko mara ya kwanza. Kinachonisumbua ni kwikwi, na vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi. Nywele zimekwisha zote, mkiniona msishtuke. Sauti yangu ni mbovu kwa sababu uvimbe umebana mshipa wake, si kwa sababu nimezidiwa, hivyo tafadhali msinipigie, nisomeni hapa. Wiki ijayo kinga yangu itakuwa chini, na mwenye mafua au kikohozi asije. Aje wiki inayofuata, atanikuta. Ninahitaji mtu mwenye gari wa kumpeleka mke wangu sokoni Jumatatu asubuhi. Si lazima kujibu. Mrejesho ujao ni Jumamosi ijayo, hata kama hakuna jipya."*

Maneno manne ya mwisho yana thamani kuliko yote yaliyotangulia. Mtu wetu akikosa habari za mgonjwa wa kansa hasemi "huenda bando limeisha", anasema "yameshatokea". Nami nimelithibitisha kwa mwili wangu. Jumamosi moja baada ya dozi ya tatu nilipata homa ya 38.6 usiku nikakimbizwa hospitalini, mpwa wangu alikuwa safarini huko ambako mtandao hakuna, na mrejesho haukutoka. Jumapili mchana mtu mmoja kwenye kundi la chuo akaweka picha ya mshumaa na maneno "pumzika kwa amani, mwalimu wetu". Nilipofungua simu nikiwa wodini, kanula mkononi, nilikuta watu 43 wameshaniomboleza. Nilizisoma rambirambi zote hadi mwisho, tena kwa utaratibu, na nikiri kwamba sikujua kama nilikuwa mwalimu mzuri wa jiografia kiasi kile. Baada ya hapo tulimteua mwandishi wa akiba, na tukawaambia watu wote kwamba Jumamosi ikifika saa nne usiku bila mrejesho, apigiwe mpwa, na akikosekana apigiwe wa akiba, na asiandike mtu kitu popote.

Kuhusu michango nitasema kidogo. Aliyeshika habari asishike fedha. Kuna mtu aliyefungua kundi la kunichangia bila mimi kujua, akakusanya, na hesabu yake sijaiona hadi leo. Ubaya wake ni kwamba waliochanga walidhani mimi nimepokea na nimenyamaza. Tulimweka mhazini mmoja, jina na namba yake vikaandikwa kwenye mrejesho mara moja tu, na habari za fedha zikatoka mwisho wa mwezi kwa ujumbe wake peke yake.

Na sigara. Swali hili huja hata kabla ya pole: "Kwani ulikuwa unavuta?" Mwanzoni lilinichoma kwa sababu anayeuliza, mara nyingi, anajitafutia faraja kwamba yeye hatapata. Ni kweli sigara ndiyo chanzo kikuu cha saratani hii, sina ubishi. Lakini wapo wanaoipata bila kuwahi kushika sigara, na moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba unahesabiwa na wataalamu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Pale kwenye benchi la kusubiri nilikaa na akina mama ambao hawajawahi kuvuta, nao huulizwa swali hilo hilo kila siku. Mimi niliamua kuandika kwenye mrejesho wa pili: "Ndiyo, nilivuta kwa miaka 22, nikaacha. Tuendelee." Halikuulizwa tena.

#2. Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya saratani

Mwalimu, hongera kwa kuandika, na pole kwa yaliyokupata. Ninaomba kuongeza mambo kutoka upande wetu wa pili wa kitanda.

Ile wiki uliyowaandikia kwamba kinga itakuwa chini, ambayo sisi huihesabu kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, ni makadirio. Kwa mgonjwa mmoja hutangulia, kwa mwingine huchelewa, na inategemea dawa. Kwa hiyo marafiki wasidhani kwamba siku ya kumi na tano mlango uko wazi kwa kila mwenye mafua. Jambo kubwa zaidi ni homa. Mgonjwa wa kemo akifika nyuzijoto 38 asisubiri kuche, asimeze panado akalala, aje hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mwili usio na chembechembe nyeupe za kutosha unaweza kushindwa na maambukizi ndani ya saa chache. Wewe ulifanya sawasawa kukimbizwa usiku.

Ndiyo maana ningependa wagonjwa wa mapafu waandike kwenye ujumbe wao wa kwanza kabisa, kwa wale marafiki wa karibu, dalili zinazohitaji gari mara moja: homa, kukohoa damu, pumzi kukata ghafla, uso na shingo kuvimba. Jirani mwenye gari akilijua hilo mapema, hataanza kuuliza "tusubiri kidogo tuone?" usiku wa manane. Nimeona familia ambazo kila mtu mtaani alijua mgonjwa ana hatua ya ngapi, lakini hakuna aliyejua kwamba uso kuvimba ni dharura.

Ombi la mwisho ni kwa marafiki: msitupigie sisi. Haturuhusiwi kuzungumzia hali ya mgonjwa na mtu ambaye hakuidhinishwa, na tukikataa mnatuona tuna roho mbaya.

#3. Mchangiaji

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote ninapenda kutofautiana na mleta uzi. Rafiki yangu wa utotoni alikuwa na ugonjwa huu huu, naye alikuwa na utaratibu kama wako. Kila Ijumaa nilipokea ujumbe, mimi na watu ambao wengine siwajui, wenye maneno yale yale. Ulikuwa sahihi na umepangika vizuri, lakini niliusoma kama tangazo la kukatika kwa maji. Mtu niliyekula naye, tukachapwa pamoja shuleni, anakuwa taarifa. Siku aliyofariki nilikuwa najua idadi ya dozi zake zote, na sikujua kama alikuwa anaogopa. Nadhani mrejesho unamlinda mgonjwa, lakini kuna kitu unakivunja.

#4. Mleta uzi

Nakushukuru, ndugu yangu, na pole sana. Sitalikanusha ulilolisema. Wapo watu katika wale themanini ambao walistahili kuwa miongoni mwa tisa na mimi sikuwaweka, na mmoja aliniambia hivyo uso kwa uso, kwa hasira, tukaamua kwamba watakuwa kumi.

Lakini niseme kilichotokea kwa wale wa karibu, kwa sababu mrejesho ndio uliotununulia nafasi ya mambo mengine. Kabla yake kila aliyekuja alikuja kuuliza, nami nilitumia pumzi yangu yote kueleza, na akiondoka nimechoka na hatujazungumza lolote la maana. Ulipoanza kutoka, aliyekuja alikuwa ameshajua habari. Rafiki yangu mmoja, fundi seremala, alikuja kila Alhamisi saa kumi jioni na bao lake kwapani. Bao halihitaji sauti. Tulikuwa tunakaa chini ya mwembe, kete zinalia kwenye mashimo, yeye anasema "nalala" anapoishia, mimi natikisa kichwa tu, na saa mbili zinapita bila mtu kutaja ugonjwa. Vidole vya mikono navyo vilipoanza kufa ganzi kwa sababu ya dawa, nikawa nashindwa kuhesabu kete kwa kugusa, nazidondosha. Aliona, hakusema kitu, wiki iliyofuata akaja na kete nyingine kubwa zaidi, za komwe alizozichagua moja moja. Ni kwake yeye nilikoandika kwenye karatasi, katikati ya mchezo, kwamba naogopa kufa kwa kukosa hewa kuliko ninavyoogopa kufa kwenyewe. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaniambia ni zamu yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza, mrejesho haukutosha kamwe kuwa urafiki. Ulikuwa wa kuondoa maswali mlangoni.

Na dada muuguzi, nimeupokea ushauri wako. Orodha ya dalili za dharura mke wangu ameiandika kwa kalamu nzito na kuibandika kwenye mlango wa friji, na nakala yake anayo jirani mwenye pikapu.

#5. Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi niko upande wa pili wa jambo hili. Shoga yangu yuko Unguja, ameanza matibabu, na haandiki chochote. Kila nikimtumia "unaendeleaje, habibty" ananijibu "alhamdulillah" basi. Niko mbali, siwezi kwenda kumtazama. Nimwandikie nini asichoke na mimi? Na je, hayo majani ya stafeli yanayosifiwa yana ukweli?

#6. Mleta uzi

Wa alaykum salaam, dada yangu. "Unaendeleaje" kwa mgonjwa ni swali zito, kwa sababu jibu la kweli ni refu na jibu fupi ni uongo. Ndiyo maana anakimbilia alhamdulillah, ambayo ni jibu la adabu na lisilodanganya. Mwandikie kitu kisichodai jibu. Mimi niliyemngojea kuliko wote alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Mtwara, ambaye kila asubuhi alinitumia sentensi mbili tatu za mambo yake: korosho zimeanza kuanguka, mbuzi wa jirani ameingia ofisini amekula daftari la mahudhurio. Hakuuliza kitu. Nilicheka kimoyomoyo kwa sababu kucheka kwa sauti kulikuwa kunanitia kikohozi. Ukitaka kumtumia sauti yako, tuma, ataisikiliza akiwa na nafasi, lakini mwambie asijisumbue kukurudishia ya kwake. Na kama anaye binti au mdogo wake hapo nyumbani, muulize yeye kwa utaratibu kama anaweza kukupa habari, na shoga yako ajue kwamba umeuliza.

Kuhusu stafeli, nililetewa mifuko mitatu, pamoja na mlonge, na asali ya nyuki wadogo. Daktari wangu aliniambia kwamba hakuna ushahidi kuwa majani hayo yanatibu saratani ndani ya mwili wa mtu, na kwamba dawa za kemo zinapita kwenye ini na figo, kwa hiyo hataki kitu kingine kikali kipite hapo hapo bila yeye kujua. Aliyeleta nilimshukuru, nikaandika kwenye mrejesho: "Kila mtakachoniletea cha kunywa namwonyesha daktari kwanza." Hakuna aliyechukia, kwa sababu sikumkatalia mtu yeyote mimi.

#7. Mchangiaji

Mwalimu, mionzi je? Mama mkwe wangu anaanza mwezi ujao na tayari ndugu wanaulizana kama watoto wamkaribie.

#8. Mleta uzi

Hilo lilinipata. Mionzi nilipigwa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, nikiwa nimefikia kwa shemeji yangu Temeke. Kila siku ni dakika chache kwenye mashine na saa nyingi za kusubiri. Wiki ya kwanza niliona wajukuu hawaletwi, na wakiletwa wanasimama mlangoni. Niliandika hivi: "Mionzi ninayopigwa inatoka kwenye mashine, na mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini mwangu, nisalimieni, nikumbatieni, nileteeni watoto. Saratani nayo haiambukizi." Jumapili ile sebule ya shemeji ilijaa hadi viatu vikakosa nafasi mlangoni. Iko mionzi ya aina nyingine ambayo mgonjwa huwekewa au humezeshwa, yenye masharti yake, kwa hiyo mama aulize kwanza ya kwake ni ipi, ndipo aandike.

Waambieni pia watu kuhusu chakula. Kuanzia wiki ya tatu koo la chakula liliungua kwa ndani, kila tonge lilikuwa kama linashuka na mwiba, na marafiki kwa mapenzi yao walikuwa wanaleta pilau na mishikaki. Mrejesho mmoja tu wenye maneno "mtori usio na pilipili, uji, maziwa mgando" uliniokoa.

#9. Mchangiaji

Ninaomba kuuliza jambo gumu, na kama halifai, mwalimu, uliache. Habari ikiwa mbaya unaitoaje? Na wiki ambayo hakuna lolote unaandika nini?

#10. Mleta uzi

Linafaa. Baada ya mionzi nilisubiri miezi mitatu, nikapigwa sitiskani, uvimbe ukaonekana umepungua sana lakini haujaisha. Hiyo si habari mbaya wala si habari njema, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kuiandika, maana watu wanataka moja kati ya mbili. Niliwaambia wa nyumbani Ijumaa jioni tukiwa tumekaa, wale kumi Jumamosi asubuhi, na waliobaki Jumamosi jioni. Sikutaka mtu wa karibu asikie kutoka kwa wa mbali, na sikutaka habari ilale usiku mmoja zaidi ya huo ikianza kujisimulia yenyewe. Niliandika kwamba uvimbe umebaki, kwamba nitapimwa tena baada ya miezi mitatu, na kwamba swali la nimebakiza muda gani halijibiki, kwa hiyo lisiulizwe kwa mke wangu.

Mpwa wangu anao ujumbe mmoja mwingine, nimeshauandika mimi mwenyewe, umefungwa kwenye bahasha pamoja na majina ya wale watakaoambiwa kwanza. Seremala ni wa pili kwenye orodha. Kundi la chuo, kwa sababu zinazojulikana, nimeliweka la mwisho.

Na kuhusu wiki isiyo na jipya, huu hapa wa Jumamosi iliyopita, mrejesho wa hamsini na nane:

*"Hakuna jipya. Sauti bado inakwaruza. Nimelala usiku wote bila kukohoa, nimekula ugali kwa mlenda, na seremala amenifunga mara mbili. Jumamosi ijayo."*